Lango Likifungwa, Bahari Itakuwa ya Nani?

MHASIBU (mstaafu wa serikali, Likoni): Tuanze na hesabu, kwa sababu hasira hazilipi mishahara. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, limesema hadharani kwamba kwa mwaka linahitaji shilingi bilioni 19.79, na linachokusanya ni bilioni 7.92. Pengo ni karibu bilioni 12. Pengo hilo ni petroli ya gari la doria, ni injini ya boti, ni askari aliyestaafu na nafasi yake ikabaki tupu. Njia ni tatu: serikali iongeze pesa za kodi, ipandishe kiingilio, au ifunge baadhi ya mbuga mpaka hali itengemae. Ile ya kwanza wananchi waliikataa Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya vijana kumiminika barabarani. Siwalaumu. Lakini ukikataa kodi, ukakataa na kiingilio, umebaki na mlango mmoja tu.

NAHODHA (boti ya kioo, Bamburi): Mzee wangu, heshima yako iko palepale, lakini hebu tuambie kinachofungwa ni kitu gani. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa 1986. Mahali pasipovuliwa kabisa ni kilomita mraba 10. Panapopazunguka, ambapo mvuvi wa mitego ya asili anaruhusiwa, ni kilomita mraba 200 hivi. Pale hakuna ukuta wala seng'enge. Kuna maboya. Utaitia bahari kufuli gani? Ukiondoa askari na boti yao hujafunga kitu, umefungua. Mwenye juya ataingia usiku, mwenye bunduki ya kuchomea samaki ataingia mchana, na boti zitatia nanga juu ya matumbawe kwa kuwa yale maboya ya kufungia kamba yatakatika na hakuna wa kuyarudisha. Boti yangu ni ya kioo. Mgeni akiangalia chini akaona mchanga na mifupa ya matumbawe, kesho hatakuja, na pesa unazozitafuta wewe zitapungua tena.

MVUVI (Bamburi): Mimi nasema ifungwe. Ofisi ifungwe, maboya yang'olewe, turudishiwe bahari yetu. Wazee wetu walivua pale kabla ya hiyo 1986, na samaki hawakwisha. Serikali ikaja ikatupigia mstari majini, ikatuambia huku ndani si kwenu tena, ni kwa watalii. Leo huyohuyo aliyepiga mstari anasema hana pesa ya kuulinda. Mpangaji akishindwa na kodi hutoka nyumbani mwa watu. Na wao watoke.

NAHODHA: Ndugu yangu, mimi na wewe tunakula bahari moja. Lakini dema zako unazitega wapi?

MVUVI: Kandokando ya mstari.

NAHODHA: Kwa nini pale?

MVUVI: Kwa sababu ndipo penye changu na tafi wakubwa. Sikatai. Wanazaana mle ndani, wakijaa wanatoka nje. Watafiti wamepima miaka mingi wakatueleza, nasi tulikuwa tumeshajua. Ila mstari una urefu wake, Nahodha. Waliowahi kutega pale wamewahi. Kijana wa Mtopanga anayeanza leo atatega wapi? Mnasema faida inamwagika nje ya hifadhi. Inamwagikia mikono michache, na wengine wameachiwa lawama za juya.

MWALIMU (shule ya msingi, Kisauni): Neno lako lina haki ndani yake, na sijasikia mkutano wowote wa bajeti ulioliuliza. Lakini umesema turudishiwe, na mimi nauliza: turudishiwe nini, na kwa muda gani kabla hakijaisha? Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe ya pwani yetu, mengi yakafa. Tumbawe hukua sentimita chache kwa mwaka, na mengine ni milimita tu. Bajeti hupitishwa kila Juni. Mtu wa hesabu akisema tufunge miaka miwili halafu tutarudi, anapima kwa kalenda ya Hazina Kuu kitu chenye kalenda nyingine kabisa. Na hili la kuacha kulinda tulishaliona nchi kavu. Mwaka 1973 Kenya ilihesabiwa kuwa na tembo kama 167,000. Kufika 1989 walibaki kama 16,000, na ikabidi Rais Moi awashe moto tani 12 za pembe za ndovu ndipo dunia iamini kwamba tumeamka. KWS yenyewe ilizaliwa kutokana na hasara ile. Tukiidhoofisha leo kwa kukosa petroli, tutalipa mara mbili.

MUUGUZI (Changamwe): Naomba na mimi nisikike, maana naona mnazungumza matumbawe na tembo kana kwamba hakuna lingine linalokosa pesa. Zamu yangu huanza na foleni. Kuna siku glavu hatuna, mama mjamzito anatumwa dukani akanunue. Na huku kwetu mazingira hatukuletewa kwa picha ya samaki wa rangi. Tuliletewa yale ya mtaa wa Owino Uhuru, watoto wakakutwa na risasi katika damu kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda ngazi za rufaa miaka na miaka. Kwa hivyo mtu akiniambia serikali itafute bilioni 12 za mbuga, mimi swali langu ni fupi: kabla au baada ya wale watoto?

MWALIMU: Dada, sitakujibu kwamba mbuga zina haki kuliko mtoto mgonjwa. Sina ulimi huo. Lakini maji unayonawia mikono wodini yanatoka wapi? Chemchemi za Marere ziko katika msitu wa Shimba Hills, hifadhi iliyotangazwa 1968, na bomba lake linaleta maji Kwale na Mombasa. Watu wanaijua Shimba Hills kwa palahala, yule swala mweusi mwenye pembe za upinde ambaye Kenya nzima hapatikani porini ila pale. Wachache wanaijua kama tangi letu. Askari wakiondoka, msumeno unaingia. Msitu ukikatwa, tutasikia kwanza bombani.

MUUGUZI: Mwalimu, hilo bomba kwangu halijatoa maji ya maana kwa siku nyingi. Nanunua mitungi kwa mkokoteni. Msitu upo, askari wapo, na mimi nanunua maji. Usinipe hofu ya kupoteza nisichonacho.

MWALIMU: Unacho kidogo, na kidogo hicho ndicho kitakachokwenda kwanza.

MHASIBU: Mnaona? Kila mmoja anasema changu kwanza. Hii ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na naijua ladha yake. Sasa nisikilizeni na mimi. KWS imesema viingilio havikupitiwa kikamilifu kwa miaka 18. Miaka 18! Nauli imepanda, unga umepanda, mafuta yamepanda, na Mkenya alikuwa akiingia Mbuga ya Nairobi kwa shilingi 430. Kanuni mpya zilizotangazwa kuanza 1 Oktoba 2025 zikasema 1,000. Tsavo vilevile, kutoka 515 hadi 1,000. Wakenya wamelalamika kama wameibiwa, na huku tiketi ya tamasha la muziki la usiku mmoja wanailipa bila neno. Anayetumia na alipe. Asiyekwenda mbuga maisha yake yote kwa nini alipishwe kwa kodi yake?

NAHODHA: Kwa sababu hakwenda kwa kukosa, si kwa kukataa.

MWALIMU: Na ndipo penye kiini, Bwana Mhasibu. Chukua baba na mama wa Mshomoroni wanaotaka kuwaonyesha watoto Tsavo. Wao wawili tu, kwa kanuni hizo, ni 2,000 langoni, kabla hujahesabu watoto, gari la kuwafikisha Voi, gari la kuingilia ndani maana huwezi kuingia kwa miguu, na chakula cha njiani. Kwa mtu wa kibarua cha siku, lango hilo limefungwa. Wewe uliorodhesha kufunga na kupandisha kiingilio kama njia mbili. Kwa watu wangu ni njia moja. Tofauti ni kwamba ya kwanza inatangazwa, ya pili haitangazwi. Nimefundisha watoto wanaoweza kuchora simba vizuri kabisa, wamemtoa kwenye televisheni, na hawajaona hata nyani wa Shimba Hills, msitu ulio ng'ambo tu ya Likoni. Mtoto huyo akikua akapewa kura ya kuamua msitu ubaki au uuzwe, atautetea kwa kumbukumbu gani?

MHASIBU: Nitakubali punguzo la shule. Hata bure kwa wanafunzi wa shule za serikali, siku maalumu. Lakini hilo lina gharama yake, na gharama haipotei kwa kuonewa huruma. Inahamia kwa mwingine.

NAHODHA: Imehamia kwetu tayari! Malipo yote ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Mimi sina ugomvi na kulipa kwa simu, imepunguza mikono ya kati. Lakini bahari ina saa zake. Mgeni anafika ufuoni maji yamekupwa vizuri, ndiyo saa ya kuona matumbawe, mtandao umekwama. Tunasimama na simu juani. Mtandao ukirudi, maji yameshaanza kujaa. Siku imekwisha hivyo, si yeye aliyelipa wala si mimi niliyepata. Na mwaka 2014 nchi za nje zilipoonya raia wao wasije Mombasa, watalii wa Uingereza wakapakiwa ndegeni warudi kwao, tulikaa tunaangaliana. Mwaka 2020 korona ikaja, fuo za umma zikafungwa kuanzia Machi. Wa madafu, wa viazi karai, wa kukodisha tyubu za kuogelea, wa ngamia, sote nyumbani. Yeyote anayesema lango lifungwe mpaka hali itengemae, mimi nimeshaishi ndani ya huo mpaka. Hali ilitengemaa, na kuna boti zilizooza juu ya mchanga zikisubiri.

MHASIBU: Umenipa hoja bila kujua. Shirika linaloishi kwa mtalii hufa mtalii akikohoa. Ndiyo maana nasema tupunguze mzigo. Mbuga zisizoingiza kitu wapewe wanaoweza. Mbona Haller Park hapo Bamburi inasimama? Lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jangwa tupu, mtaalamu wa kampuni René Haller akaanza kupanda miti 1971. Leo ni msitu. Yule kiboko mtoto Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki pale na kobe mzee, dunia nzima ikawajua. Shilingi ya serikali haikuhitajika. Na Karura kule Nairobi: Wangari Maathai aliutetea msitu ule 1999 akapigwa, na baadaye wakazi wakaunda chama, wakashirikiana na Shirika la Misitu kuuzungushia ua na kuulinda. Wakazi wakiachiwa, wanaweza.

MVUVI: Karura ni ya matajiri wa Muthaiga na Runda, Mzee. Wana pesa, wana mawakili, wana simu za kuwapigia wakubwa. Na hata wao, Agosti 2025 shirika lilipoagiza malipo yote yapitie akaunti ya serikali, walilazimika kupiga kelele nchi nzima isikie. Sisi tukipiga kelele Mtopanga nani atasikia? Na ukisema mbuga ipewe anayeweza, mtu wa Likoni ananielewa nikishtuka. Njia ngapi za kwenda baharini zilikuwa za umma, leo zina ukuta na mlinzi? Katiba, Ibara ya 62, inasema mbuga za taifa ni ardhi ya umma, na kipande kile cha kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Andiko liko wazi. Ukuta nao uko wazi.

NAHODHA: Na Haller Park ni mali ya kampuni. Desemba 2024 kampuni imenunuliwa na Amsons ya Tanzania. Mwenye mali akiamua kesho atakavyo, mimi na wewe tutakuwa na la kusema? Naomba Mungu waendelee kuutunza msitu ule. Lakini kuomba si sawa na kuwa na haki.

MWANDISHI: Naingilia hapa kwa jambo moja tu, kwa kuwa hoja ya Mhasibu imeshawahi kupimwa mahali pengine. Mwaka 2011 jimbo la California, Marekani, lilitangaza kwamba kwa kukosa pesa litafunga mbuga 70 kati ya 278 za jimbo. Wananchi walipokea habari ile kama msiba. Vyama vikachangisha, wilaya zikajitolea kusimamia, watu binafsi wakatoa fedha. Halafu Julai 2012 ikagundulika kwamba idara ileile ya mbuga ilikuwa na kiasi cha dola milioni 54 katika akaunti zake ambazo haikuzitaja kwa ofisi ya bajeti. Mkurugenzi akajiuzulu. Sisemi kwamba KWS imeficha hata senti. Nasema watu wale walichangishwa kabla ya kuonyeshwa vitabu, na naona sisi tunaelekea kulekule.

NAHODHA: Mali bila daftari huisha bila habari.

MHASIBU: Methali hiyo nimewafundisha makarani wangu mimi. Vitabu vya KWS hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, ripoti huenda bungeni. Hakuna aliyeficha.

NAHODHA: Bunge liko Nairobi na ripoti hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi nataka kujua kitu kidogo. Hapa Mombasa, kwa mwaka, hifadhi ya bahari inakusanya ngapi? Zinazokwenda makao makuu Lang'ata ni ngapi? Zinazorudi kununua maboya na petroli ni ngapi? Hayo matatu tu. Yabandikwe pale ufuoni kwa Kiswahili, mgeni na mwenyeji asome. Haki ya kupata habari iko Ibara ya 35, na sheria yake ni ya 2016. Sijaomba fadhila.

MUUGUZI: Nami ningependa kuyaona. Maana mwaka 2019 ufuo wa Mama Ngina ulipendezeshwa, zikatajwa shilingi milioni 460, na Mashujaa Dei ikaja kusherehekewa palepale. Sikatai, ni pazuri, hata mimi huenda na wanangu kula mihogo Jumapili. Lakini niliona kwamba pesa hupatikana mgeni mkubwa anapokuja. Pale Kibarani tulinusa jalala miaka na miaka, kila tukipita Makupa, mpaka likaondolewa na kupandwa miti. Taka zikahamia Mwakirunge, kwa watu wengine wa bara kama sisi. Kila kitu kinahamishwa, hakuna kinachomalizwa.

MHASIBU: Sawa. Tuseme daftari limebandikwa. Je, mko tayari kwa kitakachosomwa? Kwa sababu mimi nawaambia jinsi shirika hili linavyokwenda. Mbuga chache zinazovuta watalii, Nakuru, Amboseli, Nairobi, Tsavo, ndizo zinazobeba nyingi nyingine zisizojitosheleza. Pesa zinakwenda Lang'ata si kwa uchoyo, ni kwa sababu zikibaki kila moja kwake, ndogo zitakufa. Na sasa serikali imekubali kuirudisha Amboseli kwa Kaunti ya Kajiado. Kajiado wana haki yao, sibishi. Lakini ng'ombe mmoja wa maziwa ametoka zizini. Kila kaunti ikidai chake, nani atailisha Shimba Hills? Mkisoma mkakuta Mombasa ndiyo inayobebwa, mtasemaje?

MWALIMU: Tutasema tunabebwa kama hospitali inavyobebwa na kama shule inavyobebwa. Hakuna anayeuliza darasa la nne limeingiza faida gani.

MUUGUZI: Huulizwa, Mwalimu. Siku hizi huulizwa hata wodini.

MWALIMU: Basi hapo ndipo walipotupotezea njia sote wawili, na tunashindana sisi kwa sisi juu ya kilichobaki. Wewe na mimi tungeandika barua moja ingekuwa na nguvu kuliko hizi mbili zinazoumana.

MUUGUZI: Nitaandika nawe, lakini wodi itatajwa kwanza. Kwa jina lake. Sitakubali iwekwe mwishoni pamoja na "na mengineyo".

MHASIBU: Nami nitawapangia maswali ya fedha, kwa sababu mkiuliza vibaya mtajibiwa vibaya. Uliza mapato kwa kituo, si kwa shirika zima. Uliza doria zilizofanyika, si zilizopangwa. Lakini msimamo wangu haujabadilika: majibu yakionyesha pengo ni la kweli, tutachagua, na kiingilio kitapanda.

MVUVI: Mimi sahihi nitatia. Ila nina sharti, na liandikwe humo: mstari upitiwe upya. Sisemi ufutwe tena, nimewasikia. Nasema wavuvi wa Bamburi na wa Mtopanga waitwe, waulizwe unapita wapi, na ikibidi usogezwe, sehemu ifunguliwe kwa dema na mishipi tu, kwa zamu, ili wanaoanza nao wapate.

NAHODHA: Kuitwa na kuulizwa, ndiyo. Hilo lilikuwa liwe tangu 1986. Lakini kusogeza mstari, hapana. Zile kilomita 10 ni ndogo tayari, na kila mtu akipata kipande kwa sababu nzuri hakutabaki cha kugawa.

MVUVI: Basi barua yenu ina mtu mmoja pungufu.

NAHODHA: Tia sahihi, ndugu yangu, na chini yake andika kwamba sisi wawili hatukukubaliana juu ya mstari. Waisome hivyohivyo.